Nilivyosomewa Yasini Nikikimbilia Treni ya Milano

Leo nimefedheheka mchana kweupe, mbele ya watu arobaini, nyumbani kwangu mwenyewe. Naandika mapema kabla hamjasikia kwa wengine, maana hapa Munje habari haipoi jikoni. Na nasema tangu mwanzo: aibu nimeipata, lakini kujuta sijuti.

Kwa wasionijua (mko wachache, bahati yenu), mimi ni Bi Tumu, mpishi wa harusi. Kuanzia hapa Munje mpaka Ukunda, ukila biriani ukajilamba vidole, uliza ni nani aliyesimama kwenye sufuria. Mume wangu ni Bakari. Bakari amewapikia watalii mayai kwenye hoteli za Diani miaka thelathini na mmoja, na miaka yote hiyo wageni hawakuwa na hadithi nyingine ila treni. Mara walilala ndani ya treni wakaamkia nchi nyingine. Mara walikunywa kahawa huku milima inapita dirishani. Yeye anageuza mayai, anasikiliza. Siku aliyostaafu alirudi nyumbani, akavua aproni, akaniambia, "Mke wangu, na mimi nataka nikae dirishani nipikiwe yai."

Basi tunakwenda. Siku arobaini na mbili, treni kumi na tisa, kutoka Lisboni mpaka Istanbul. Pesa zimetoka wapi? Si shauri lenu.

Safari hii tuliifanya siri. Niliyetaka siri ni mimi, Bakari angeitangaza kwa kipaza sauti. Mimi naogopa jicho. Najua mtasema mambo ya kizamani. Semeni! Mimi nimemwona mtu katangaza safari Ijumaa, Jumamosi kavunjika mguu kwenye ngazi za msikiti.

Lakini huwezi kufunga safari ndefu hivi hivi bila kuomba radhi. Kwetu mtu akienda mbali hupita kwa jamaa na majirani: kama nimekukosea nisamehe, safari ni safari. Na mimi nina mdomo. (Bakari anasema mdomo wangu ulitakiwa ukatiwe pasipoti yake peke yake.) Kwa hivyo wiki iliyopita nilizunguka nyumba zaidi ya ishirini. Kila nyumba ni hivi hivi.

"Bi Tumu, unakwenda wapi?"

"Mbali. Kurudi ni majaaliwa. Nisamehe."

Nikiulizwa zaidi, natazama chini, nanyamaza. Siri ni siri.

Sasa hebu nyie fikirini. Mwanamke alikuwa na mwili wake, ghafla anapungua (Bakari ananitembeza kila alfajiri mpaka Msambweni na kurudi, ati nipate miguu ya stesheni). Anaonekana njiani anahema, kaegemea ukuta. Ameonekana anashuka kutoka Mombasa na bahasha imeandikwa BIMA YA MATIBABU (ukiomba viza ya huko lazima uwe nayo, hata kama ni mzima wa afya). Halafu huyo huyo anakuja mlangoni kwako, macho chini, anaomba msamaha, na kurudi ni majaaliwa. Mngedhani anakwenda Milano?

Mimi wala sikugundua. Niliona tu watu wa Munje wamekuwa wapole. Vijana wananiamkia shikamoo kwa sauti ya msibani. Nikajiambia, lo, kumbe kuomba radhi kuna raha hivi!

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Zuhura.

Zuhura ni jirani yangu, kinachotutenga ni ua wa makuti tu. Miaka minne hatukuwa tunasalimiana. Alipomwoza binti yake hakunipa mimi sufuria, akapika mwenyewe na dada zake. Sikusema neno. Nilikwenda kama mwalikwa, nikaketi, nikaonja tonge moja. Hapo ndipo nikasema neno. Nikasema, katikati ya hema la wanawake, kwa sauti yangu hii mnayoijua: "Hii si pilau. Huu ni wali uliosingiziwa." Watu walicheka mpaka bibi harusi akacheka. Zuhura hakucheka.

Basi nikapiga hodi. Kabla ya hapo niligeuka njiani mara mbili nirudi nyumbani, msinione shujaa. Akafungua. Nikasema yangu: naenda mbali, kurudi ni majaaliwa, nisamehe. Akanitazama kutoka utosini mpaka nyayoni, machozi yakamlengalenga.

"Tumu, umepungua hivi?"

"Nimepungua, mwenzangu." (Kwa fahari! Nilidhani ananisifu.)

Akanishika mikono yote miwili. "Nimekusamehe, duniani na akhera. Na wewe nisamehe. Yule jogoo wako mwekundu..."

"Jogoo wangu alichukuliwa na mwewe."

"Si mwewe, Tumu. Ni mimi. Tulimla sikukuu ya Idi."

 Jogoo yule nilimhuzunikia siku tatu, nikawalaani mwewe wote wa Msambweni. Lakini nimekuja kuomba radhi, nitafanyaje? "Nimekusamehe," nikasema, meno yamebana. Tukakumbatiana tukalia, yeye ananililia mimi, mimi namlilia jogoo.

Hayo ni ya wiki iliyopita. Sasa ya leo.

Leo Jumamosi, baada ya adhuhuri, tulikuwa na mazoezi. Bakari amesoma kwamba kuna stesheni huko treni inasimama dakika mbili tu. Dakika mbili! Mlango unajifunga wenyewe, haumjui mzee wala mgonjwa wa goti. Basi baraza letu tumeligeuza treni. Ngazi tatu za kupandia. Viti vimeandikwa nambari kwa chaki. Stesheni ni jikoni, nyuma ya nyumba: nikisikia firimbi natoka mbio na sanduku, nazunguka pembe ya nyumba, napanda, natafuta kiti changu sitini na moja, nakaa. Bakari ndiye kondakta, na kofia yake ya hoteli kaivaa.

Mimi nimevaaje? Koti la baridi la mtumba kutoka Ukunda, zito, lina manyoya shingoni. Kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. Suruali ndefu ya ndani ya sufu, na gauni langu la dira nimelipandisha nikalifunga kiunoni ili nikimbie. Na jua la leo mmeliona wenyewe.

"Koti la nini sasa hivi?" nilimuuliza Bakari.

"Kwani huko hutakuwa nalo? Zoezi ni zoezi."

Mara ya kwanza nilichelewa. Mara ya pili niliwahi, nikakaa kiti kumi na sita badala ya sitini na moja, akaniteremsha. (Mume wangu wa ndoa! Ati sina tiketi ya hapo!) Mara ya tatu magurudumu ya sanduku yakazama mchangani. Hapo nikapandwa na hasira. Mara ya nne nikalitia sanduku kichwani.

"Ulaya hawabebi kichwani!" Bakari akapiga kelele kutoka barazani.

"Basi watajifunza!"

Kumbe kuna jambo Bakari alikuwa nalo hakuniambia. Siku tatu nyuma Zuhura alikutana naye dukani akamwambia, "Jumamosi baada ya adhuhuri tutakuja kumsomea Bi Tumu." Bakari wakati huo alikuwa anakariri majina ya stesheni. Akajibu, "Karibuni sana," akaendelea na Barselona. Kufika nyumbani keshasahau. Na huyu ndiye atakayenivusha mipaka ya watu!

Firimbi ikalia. Nikatoka nduki. Nikazunguka pembe ya nyumba, koti linapepea, sanduku kichwani, napiga ukelele, "Msifunge mlango! Nimefika! Nimefikaaa!"

Na uani kwangu, wanaingia taratibu kwa heshima zote, watu arobaini. Wanaume na juzuu mikononi. Wanawake na bakuli za uji zimefunikwa kawa. Mbele yao Mwalimu Rama wa madrasa, na pembeni yake Zuhura, macho mekundu tayari.

Mimi nilisimama. Sanduku halikusimama. Lilikwenda likaangukia miguuni pa Mwalimu likafunguka lote: mwiko, mchele, chupa mbili za achari (sili mimi chakula kisicho na achari, hata kwa Wazungu), na suruali za ndani za Bakari, za sufu, nyekundu. Moja ilimkaa Mwalimu begani.

Mwalimu akaiondoa kwa vidole viwili.

"Subhanallah," Mwalimu Rama akasema polepole. "Mgonjwa kainuka."

"Mgonjwa gani?" nikauliza, huku nahema.

Zuhura akaweka uji chini, akanijia mikono mbele. "Tumu, mwenzangu, tulia. Jua lote hili umevaa nini? Maskini, homa imemtia baridi!"

"Sina homa! Nipisheni, treni inaondoka!"

"Treni gani, Tumu? Munje hakuna treni."

"Ya Milano!"

Nyuma kule mwanamke mmoja akaangua kilio. "Anaweweseka! Keshaanza kuweweseka!"

Wakanikamata. Watu sita! Nikipiga teke wanasema maradhi haya yana nguvu. Wakanipandisha barazani wakanilaza mkekani, yaani nimelazwa ndani ya treni yangu mwenyewe, kiti sitini na moja nakiona pale juu. Zuhura ananikanda paji la uso kwa kitambaa kibichi, juu ya kofia ya sufu. Nikafungua mdomo niwaeleze. Na hapo hapo Mwalimu Rama akaanza Yasini.

Sasa nyie niambieni. Mtu anasoma Yasini, utamkatiza? Mimi na mdomo wangu wote nilinyamaza kimya, jasho linanitiririka mpaka masikioni. Walipoona nimenyamaza wakazidi kulia.

Bakari je? Bakari alikuwa sebuleni. Alipopiga firimbi alikwenda kujimiminia chai, ati kule ndani ndiko behewa la chakula. Akatokea mlangoni na kikombe mkononi, kofia kichwani, hajatazama mbele, anasema kwa sauti ya kazi, "Bi Tumu, umechelewa tena! Treni imeshaondoka!"

"Ya Rabi, na mume naye!" mtu akasema.

Mwalimu Rama akafunga juzuu. "Bwana Bakari," akasema, "hebu kaa hapa, utueleze kwa utulivu."

Bakari hajui uongo. Akaeleza. Akaenda akaleta na ramani kutoka ukutani, akaonyesha kwa kidole: hapa tunapanda, hapa tunabadilisha, hapa tunalala. Yote. Watu wanamsikiliza na uji unapoa.

"Kwa hivyo hakuna maradhi?" Mwalimu akauliza.

"Maradhi? Huyu? Jana kala viazi karai kumi na viwili."

Zuhura akasimama. Kitambaa kibichi bado kiko mkononi, kinadondosha maji. "Tumu. Huumwi?"

"Siumwi."

"Hata kidogo?"

"Goti. Moja tu."

"Basi naitaka radhi yangu."

"Unataka nini?"

"Radhi yangu! Nirudishie! Mimi nilimsamehe maiti mtarajiwa, sikumsamehe mtalii!"

Wallahi damu ilinichemka. Nikainuka na koti langu. "Kumbe mpaka nife ndiyo nisamehewe? Haya, chukua! Na mimi naitaka yangu! Naitaka na jogoo wangu!"

"Jogoo yupi?" Mwalimu Rama akauliza.

"Mwekundu! Aliyeliwa kwa Zuhura siku ya Idi!"

Uso wa Mwalimu ukabadilika. Kumbe Idi ile alialikwa. (Alikula paja. Hakuna aliyeniambia, lakini nilimwona macho.)

Watu wakaanza kucheka chinichini, nami nikawaacha wacheke. Kuchekwa nimezoea, na hiyo siyo aibu niliyokuja kuwasimulia. Aibu yenyewe ni hii inayofuata.

Mwalimu Rama akainua mkono watu wakatulia. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Bi Tumu, jambo la furaha kama hili, kwa nini usituambie sisi majirani zako?"

Na mimi, na mdomo huu, nikajibu kabla sijafikiri. "Niliogopa jicho la hasidi."

Hakuna aliyecheka.

Nikatazama watu. Yuko mama aliyefunga genge lake la mboga leo Jumamosi, siku watu wananunua. Yuko bibi mmoja wa Msambweni kaja kwa miguu na nyonga yake ile mbovu. Uji wa aina tatu, maana hawakujua mgonjwa atapenda upi. Nikamtazama Zuhura. Kilio chote kimemkauka.

"Kwa hivyo ni sisi," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijapata kuisikia kwake. "Mahasidi wenyewe ni sisi."

Nyie, nilitamani ardhi ipasuke. Na ukiwa na koti la manyoya huwezi hata kujificha.

Bakari akanigusa kiwiko. Akaninong'oneza, "Tumu, kama imefika huku basi tusiende. Tutakaa."

Nikamwangalia. Kavua kofia, kaikunja mkononi. Miaka thelathini na mmoja ya mayai ya watu wengine, na sasa anaiacha safari yake kwa ajili ya ulimi wangu. Hapo ndipo nikakataa. Nikasimama pale pale barazani, na koti langu, na dira langu kiunoni.

"Tutakwenda!" nikasema, na waliokuwa njiani walisikia. "Bakari atakaa dirishani apikiwe yai, na aliyekasirika akasirike na mimi, si na yeye. Naam, niliwaogopa. Niliwadhania vibaya nyote, na nyinyi mmeacha kazi zenu mmekuja kunisomea. Nimekosa. Sasa naomba radhi upya. Siumwi! Sifi, inshallah! Nina nguvu za kuwakosea tena, na mdomo ndio huu huu. Anayeweza kumsamehe mtu mzima wa afya, anisamehe. Asiyeweza, aseme hapa nimsikie."

Watu wote wakamgeukia Zuhura.

Zuhura akapanda ngazi. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaja akasimama mbele yangu, akaniangalia koti kuanzia manyoya mpaka pindo, bila haraka yoyote. Kisha akasema, kwa sauti kubwa kama ile yangu ya siku ile kwenye hema, "Tumu, hilo si koti. Hilo ni kondoo aliyekataa kuchinjwa."

Uwanja mzima ukavunjika mbavu! Bibi wa nyonga alishikwa asianguke. Mwalimu Rama kageuka ukutani, mabega yanatikisika. Bakari alicheka na firimbi iko mdomoni, ikalia yenyewe. Mimi peke yangu sikucheka. Nilisimama pale, masikio yanawaka, kila jicho liko kwangu, sina pa kutazama.

"Inauma?" Zuhura akauliza, sasa polepole, mimi na yeye tu.

"Inauma."

"Mimi nimekaa nayo miaka minne."

Nikamshika mkono. 

"Haya," akasema. "Sasa nimekusamehe. Ukiwa mzima, na mdomo wako."

"Na jogoo?"

"Jogoo alikuwa mtamu."

Basi Mwalimu Rama akasema watu wameshakusanyika, dua haitarudi nyumbani. Ikasomwa ya wasafiri badala ya wagonjwa, na walioitikia amina kwa nguvu zaidi ni wale niliowaogopa. Tukanywa uji wote. Wanawake wakamzunguka Bakari: hizo treni zina choo? Mkilala, mnalala na nani? Bakari alijibu moja moja kama waziri. Zuhura akakaa kiti sitini na moja, akakataa katakata kuondoka mpaka ilipoadhiniwa alasiri, na mimi nikasafiri nimesimama.

Tunaondoka Jumatano. Nimeitangaza mwenyewe sasa, anayetaka kutazama atazame. Na wewe unayesoma hapa huku unacheka, kama niliwahi kukukosea, nisamehe hivi hivi nikiwa mzima. Kuumwa kwa ajili yako sina nafasi.